Programu ya ankara iligoma usiku wa tarehe mosi: je, turudi kwenye ruhusa zote?

*"Habari za kazi, mtaalamu. Tuko watu sita, tunaendesha mfumo wa kutoa ankara kwa wateja juu ya AWS, wingu la Amazon. Tangu siku ya kwanza wote sita tuna AdministratorAccess, yaani ruhusa ya kufanya kila kitu. Seva yetu na roboti inayopandisha matoleo mapya ya programu zinatumia ufunguo mmoja, nao una ruhusa hiyohiyo. Miezi miwili iliyopita tulijaribu kuibana seva: tukaiachia kusoma na kuandika tu kwenye ndoo moja ya S3, hifadhi ya mafaili ya AWS, yaani GetObject na PutObject. Wiki tatu mambo yakaenda vizuri. Usiku wa tarehe mosi programu ya ankara ikagoma na kuandika AccessDenied, ilhali ruhusa ya kusoma tuliiweka kwa mikono yetu. Tukairudishia kila kitu saa nane za usiku, na hakuna aliyetaka kuigusa tena. Wenzangu wanasema sisi ni timu inayoaminiana, kila mtu ana nywila ngumu na uthibitisho wa hatua mbili, sasa tunajitesa kwa nini? Je, kuna haja kweli? Na kama ipo, tuanzie wapi safari hii tusije tukazima mfumo tena?"*

Ndugu yangu, umeniuliza mambo mawili, na naona la pili ndilo linalokukosesha usingizi. La kwanza ni kama kuna haja. La pili ni woga, tena woga wa haki, kwa sababu mtu aliyewahi kuamshwa saa nane za usiku na mfumo alioubana mwenyewe hana tena sikio la mahubiri ya usalama. Kwa hiyo nianze na usiku ule wa tarehe mosi. Nadhani najua kilichowapata.

S3 ina ruhusa za aina mbili ambazo watu huzichanganya kila siku. Kuna ruhusa juu ya ndoo yenyewe, na kuna ruhusa juu ya mafaili yaliyomo ndani yake. GetObject na PutObject ni za mafaili. Kuorodhesha yaliyomo, yaani ListBucket, ni ya ndoo. Ninyi mlitoa zile mbili mkaiacha hii ya tatu, na mtu yeyote angefanya hivyo: programu inasoma na kuandika, ya nini kuorodhesha? Lakini S3 ina tabia moja. Ukiomba faili lisilokuwepo huku una ruhusa ya kuorodhesha, itakujibu 404, halipo. Ukiomba faili hilohilo bila ruhusa ya kuorodhesha, itakujibu 403, umekataliwa. Inafanya hivyo makusudi. Asiye na haki ya kuiona orodha hapaswi kujua hata jina lipi lipo na lipi halipo, la sivyo angekaa akibahatisha majina mpaka aijue ndoo nzima.

Sasa iangalie programu yenu. Sijauona msimbo wake, ila programu nyingi za namna hiyo huuliza kwanza kama daftari la mwezi huu lipo. Likiwepo, huongeza ndani yake. Lisipokuwepo, hufungua jipya. Kwa wiki tatu daftari lilikuwepo, kwa hiyo kila ombi likapita. Tarehe mosi daftari la mwezi mpya halikuwepo. Programu ikauliza, ikitarajia kusikia "halipo", ikasikia "umekataliwa". Jibu hilo hakuna aliyeifundisha la kufanya nalo, ikagoma. Ruhusa ya kusoma mliyoiweka ilikuwa inafanya kazi muda wote.

Kabla ya kuniamini, fungua kumbukumbu za programu yenyewe za usiku ule utazame ni faili gani lililoombwa. Usihangaike sana na CloudTrail, daftari la AWS la nani alifanya nini, kwa hili, kwa sababu haiandiki kusomwa na kuandikwa kwa mafaili ya S3 mpaka muwashe kumbukumbu za matukio ya data, na timu nyingi hazijaziwasha. Ikiwa jina la faili ni la mwezi uliokuwa unaanza, tumepata mchawi. Dawa yake ni mstari mmoja: ipe seva ListBucket kwenye anwani arn:aws:s3:::jina-la-ndoo, bila mkwaju wala nyota mwishoni, na GetObject na PutObject zibaki kwenye arn:aws:s3:::jina-la-ndoo/*, pamoja na mkwaju na nyota. Mtu akiziandika zote kwa anwani moja kati ya hizo mbili, nusu ya ruhusa inakuwa haina kazi, na hakuna kengele inayolia siku ya kuiweka. Kengele hulia tarehe mosi.

Hapo sitaki mjilaumu sana. Mlibana kwa kukisia badala ya kutazama, basi. Kukisia kunarekebishika, na nitarudi hapo.

Sasa kwa wenzako wanaosema mnaaminiana. Nawaelewa, na ninafikiri wameuelewa vibaya msingi wenyewe, kosa ambalo hata vitabu hulisababisha. Watu wakisikia kila mtu apewe ruhusa ya kumtosha kazi yake tu, akilini huja ile ya kikulacho ki nguoni mwako, kana kwamba tunamwinda msaliti ndani ya timu. Saltzer na Schroeder, watafiti wa usalama wa kompyuta, walipoiandika kanuni hii mwaka 1975, waliitaja kwa programu na kwa mtumiaji pamoja, na sababu waliyoiweka mbele ilikuwa kupunguza madhara ya ajali au kosa. Msaliti si mhusika mkuu wa hadithi. Mhusika mkuu ni amri ya kufuta iliyoandikwa kwenye dirisha la mfumo halisi na mtu aliyedhani yuko kwenye mfumo wa majaribio. Mwingine ni ufunguo ulionakiliwa kwenye msimbo, ukasahaulika humo, kisha msimbo ukawekwa hadharani. Mnaaminiana ninyi sita, vizuri. Lakini ufunguo hauna sura. Wingu halimjui mwenzako, linaijua saini iliyo kwenye ombi, na anayeshika ufunguo ndiye mwenye saini.

Hapo ndipo ule uthibitisho wa hatua mbili unapoishia pia. Unalinda mlango wa watu, yaani ukurasa wa kuingilia kwa nywila. Ufunguo wa seva hauna simu ya kupokea namba ya siri. Ni mifuatano miwili ya herufi, mmoja wa jina unaoanza na AKIA na mmoja wa siri, na aliye nayo yote miwili anaingia kutoka popote, saa yoyote, bila kuulizwa swali la pili. Kwa hiyo katika maelezo yako yote, kilichonishtua hasa ni ule ufunguo mmoja unaotumiwa na seva na roboti. Ninyi sita mnaweza kusubiri. Mafundi wa makufuli wana jina la ufunguo unaofungua kila kitasa: ufunguo malaya. Mnao mmoja, umekaa ndani ya faili kwenye seva inayoongea na intaneti mchana kutwa, na nakala yake iko kwenye roboti.

Kuna tukio la mwaka 2019 ninalolirudia kwa kila timu, la benki ya Capital One ya Marekani. Mvamizi alipitia kinga ya tovuti iliyowekwa vibaya, akaishawishi seva imwombee funguo za muda za jukumu lake, yaani utambulisho ambao seva ile ilikuwa imepewa ili ifanye kazi. Mpaka hapo ni uvamizi wa kawaida tu. Kilichoufanya uwe msiba ni kwamba jukumu lile, la kifaa ambacho kazi yake ni kuchuja maombi ya tovuti, liliweza kuorodhesha na kusoma ndoo za S3 zenye taarifa za wateja. Takriban watu milioni 100 wa Marekani na milioni 6 wa Kanada waliguswa, na mwaka 2020 mdhibiti wa mabenki akaitoza benki faini ya dola milioni 80. Tundu lilikuwa kwenye kinga, lakini ukubwa wa hasara ulipimwa na ruhusa. Laiti jukumu lile lisingeweza kusoma data ya wateja, mvamizi angefika mahali pasipo na kitu.

Na kwa upande wa watu, ipo ya Code Spaces, kampuni iliyokuwa inawahifadhia wengine misimbo yao. Juni 2014 mtu aliingia kwenye paneli yao ya usimamizi ya wingu na kudai fedha. Walipoanza kubadilisha nywila wakaona alishajitengenezea milango mingine ndani, naye alipogundua wanamfukuza akaanza kufuta. Alifuta seva, alifuta data, alifuta na sehemu kubwa ya nakala za akiba, kwa sababu zote zilifikika kutoka paneli ileile. Biashara ikafungwa. Ukisema wote sita tuna AdministratorAccess, maana yake mna paneli sita za namna hiyo.

Basi tuone wingu linaamuaje, maana ukishalielewa hili, sera, yaani hati za ruhusa, utaziandika bila kubahatisha. Kila kitendo, hata kubofya tu orodha ya seva, ni ombi. Ombi linabeba nani anaomba, anataka kufanya nini, juu ya kitu gani, na katika mazingira gani. AWS huanza na jibu la hapana. Halafu hupekua sera zote zinazohusika. Ikikuta hata moja inayokataza waziwazi, kesi imekwisha, hapana inabaki hapana hata kama sera kumi nyingine zinaruhusu. Isipokuta katazo, hutafuta ruhusa. Ikiipata, ombi linapita. Isipoipata, linabaki kwenye ile hapana ya mwanzo. Kuna hapana mbili, basi: hapana ya kimya, inayotokana na kutotajwa, na hapana ya sauti, inayoandikwa na hakuna wa kuishinda. Hii ya pili ni silaha nzuri mno na watu wanaisahau. Kabla hamjajua kwa undani nani anahitaji nini, mnaweza leo kukataza kwa sauti mambo ambayo seva yenu haiwezi kuyahitaji kamwe: kuzima CloudTrail, kufuta nakala za akiba, kutengeneza watumiaji wapya. Hamjaibana seva katika kazi yake hata kidogo, lakini mmeshamnyang'anya mwizi panga.

Kuhusu pa kuanzia, ningeanza na mashine, tena na ule ufunguo. Anza kuupasua: seva iwe na utambulisho wake na roboti wake. Seva ipewe jukumu badala ya ufunguo. Jukumu halina siri ya kudumu. Wingu huikabidhi seva funguo za muda, zinazoanza na ASIA, na kuzibadilisha lenyewe kabla hazijaisha. Kwa roboti, kama iko kwenye GitHub au huduma ya namna hiyo, siku hizi inaweza kubadilishana tokeni, yaani hati ya muda ya utambulisho, na AWS kila inapofanya kazi, bila ufunguo wowote kuhifadhiwa. Ila kwenye masharti ya uaminifu ya jukumu lake, yaani nani anaruhusiwa kulichukua, taja jina la hazina yenu ya msimbo bila kukosa. Nimeona masharti yaliyoachwa wazi kiasi kwamba hazina yoyote ya mtu yeyote ingeweza kuomba na kupewa.

Mtego mmoja hapa ni mdogo lakini unamaliza watu. Mnaipa seva jukumu, mnafurahi, kumbe seva bado inatumia ufunguo wa zamani. Maktaba za AWS hutafuta utambulisho kwa mpangilio: vigezo vya mazingira na faili la funguo huja kabla ya jukumu la seva. Ufunguo ukiwa bado umelala ndani ya faili, jukumu halitaguswa. Ingia kwenye seva, uandike aws sts get-caller-identity. Amri hiyo haihitaji ruhusa yoyote, itakujibu wewe ni nani. Ukiona jina la mtumiaji wa zamani badala ya jukumu, bado hamjahama. Na mkishahama, msifute ufunguo. Uzimeni tu. AWS inaruhusu ufunguo kulala bila kufutwa, na inaonyesha ulitumika lini mara ya mwisho na kwenye huduma gani. Uache umezimwa mpaka tarehe mosi ipite, ikibidi tarehe mosi mbili. Atakayelia utamsikia, na kuuwasha ni kazi ya sekunde. Uliofutwa haurudi.

Hapo ndipo tunaporudi kwenye kukisia. Majukumu mapya yapeni kwanza ruhusa pana kidogo, ukiondoa yale mliyoyakataza kwa sauti, kisha myaache yafanye kazi huku kumbukumbu zinaandika. IAM ni sehemu ya AWS inayosimamia watumiaji na ruhusa, na chombo chake kiitwacho IAM Access Analyzer kinaweza kusoma kumbukumbu zenu za CloudTrail za hadi siku 90 na kukuandalia rasimu ya sera kutokana na kilichotumika kweli. Ni chombo kizuri, nakitumia, lakini kina upofu wake na hautangazwi kwa herufi kubwa. Hakioni vitendo vya ndani ya data, kama kusoma faili la S3, kwa hiyo hizo mtaziongeza wenyewe. Hakioni iam:PassRole, ruhusa ya kukabidhi jukumu kwa seva au huduma, kwa sababu CloudTrail haiiandiki kama tukio. Na hakiwezi kuona kazi ambayo haikufanyika katika siku hizo 90. Mfumo wa ankara una kazi za kufunga mwaka. Rasimu iliyotengenezwa katikati ya mwaka haizijui. Kwa hiyo kabla ya kuikubali, kaa na mtu anayeijua biashara, siyo msimbo tu, umuulize: ni nini mnachofanya mara moja kwa robo mwaka, mara moja kwa mwaka, na siku mteja akidai taarifa zake zifutwe? Yaandike.

Mimi mwenyewe nilishaumia hapo. Nilikuwa nasimamia mfumo wa kampuni moja, nikaiondolea roboti ya nakala za akiba ruhusa ya kufuta, nikijipongeza kwamba sasa hata ikitekwa haiwezi kuharibu kitu. Kumbe kila Jumapili roboti ile ilikuwa inafuta nakala za zamani ili kupata nafasi, na aliyeiandika aliamua kosa lolote la kufuta limezwe kimyakimya. Hakuna kilichogoma. Nakala zikaendelea kurundikana wiki baada ya wiki mpaka idara ya fedha ilipouliza mbona bili ya hifadhi inapanda hivi. Uamuzi wenyewe nadhani ulikuwa sahihi, na hata leo ningeuchukua. Nilichokosea ni kutomtafuta nani mwingine angefanya kazi ile ya kufuta. Siku hizi naiachia kanuni ya umri wa faili ndani ya ndoo yenyewe, ambayo haihitaji ufunguo wa mtu.

Kuna kundi la ruhusa ambalo lazima ulijue kwa majina, kwa sababu zinaonekana ndogo na kumbe ni ngazi. Mwenye iam:CreatePolicyVersion juu ya sera iliyofungwa kwake mwenyewe anaweza kuiandika upya ijae kila kitu. Mwenye iam:AttachUserPolicy anaweza kujibandikia AdministratorAccess. Mwenye iam:CreateAccessKey juu ya watumiaji wote anaweza kujitolea ufunguo kwa jina la mkubwa. Na mwenye iam:PassRole kwa nyota, pamoja na ruhusa ya kuwasha seva, anaweza kuwasha seva mpya, akaivisha jukumu lenye nguvu zote, kisha akaingia ndani yake na kuzitumia nguvu hizo. Roboti za kupandisha programu huwa na hiyo ya mwisho karibu kila mara, kwa sababu mtu alikuta AccessDenied siku ya kwanza akaweka nyota ili kazi iende. Taja majukumu ambayo roboti inaruhusiwa kuyakabidhi, kwa jina, moja baada ya jingine. Kwa timu yenu sidhani yatazidi matatu.

Watu sasa. Hapa nitakuwa mkweli: kwa timu ya watu sita, kumwandikia kila mmoja sera yake iliyochongwa kitendo kwa kitendo ni kupoteza muda, na itawachosha mpaka mrudi mlikotoka. Kinachofaa ni kuwa na vazi la kila siku na vazi la hatari. La kila siku liwe la kusoma mfumo halisi na kufanya mtakacho kwenye mfumo wa majaribio, uliowekwa kwenye akaunti yake peke yake. La hatari ni jukumu la usimamizi ambalo mtu analivaa kwa saa moja, kwa uthibitisho wa hatua mbili, na kuvaliwa kwake kunatuma ujumbe kwenye kundi la timu. Saa moja ndiyo kawaida ya AWS mtu anapolichukua jukumu, nanyi msiiongeze bila sababu. Hakuna anayenyimwa, wote sita wanaweza kulivaa. Tofauti ni kwamba nywila ya mtu ikiibiwa Jumamosi, mwizi atapata vazi la kusoma, na akijaribu la hatari simu zenu zitalia. Akaunti kuu yenyewe, ile ya barua pepe mliyojisajilia, isiwe na ufunguo wowote wa programu. Kama unao, huo ufe kabla ya ule tuliokuwa tunausema.

Wengine watakushauri uanze na sera zilizokwisha kuandikwa na AWS, wengine watasema usiziguse. Mimi nasema zitumie kama gari la kukufikisha nusu ya njia. ReadOnlyAccess ya kila siku, kwa mfano, ni hatua kubwa kutoka mlipo, ingawa inaruhusu kusoma mafaili yote ya S3, zikiwemo ankara za wateja, jambo ambalo si kila mwanatimu analihitaji. PowerUserAccess inawavutia wengi kwa sababu inaacha kando karibu mambo yote ya watumiaji na ruhusa, lakini mwenye nayo anaweza kufuta hifadhidata yenu yote. Usidanganyike na jina. Ni hivyohivyo kwenye mawingu mengine: Editor ya Google Cloud na Contributor ya Azure ya Microsoft zinasikika za wastani, na zote mbili zinaweza kufuta karibu kila kilichomo ndani ya eneo zilipotolewa. Azure na Google zina jambo moja zuri ambalo ni rahisi kulitumia kuliko kuchonga vitendo, nalo ni kuteremsha mahali pa ruhusa: badala ya kumpa mtu ruhusa ya juu kwenye mradi mzima, mpe kwenye kikundi kimoja cha rasilimali, au ndoo moja.

Nakala za akiba zisiguswe na yeyote kati ya hawa. Fungueni akaunti ya pili ambayo kazi yake ni kupokea nakala tu, isiyo na ufunguo kwenye seva wala roboti, na muiwekee S3 Object Lock, kufuli la mafaili. Katika hali yake kali hata mwenye akaunti kuu hawezi kufuta faili kabla muda mliouweka haujaisha. Pimeni muda huo kwa uangalifu, kwa sababu ukali huo unawahusu ninyi pia, na hifadhi mtailipia.

Yote haya mnaweza kuyafanya wenyewe. Lakini kuna hali ambazo ningekuambia uache kusoma majibu kama haya na umwite mtu akae nanyi mezani. Ya kwanza ni mkikuta ufunguo umetumika kutoka mahali msipopajua, au mtumiaji hakuna anayemkumbuka kumtengeneza. Hapo si suala la kupanga ruhusa tena. Zimeni ufunguo, msifute chochote, kumbukumbu ndiyo ushahidi, na tafuteni watu wa kushughulikia uvamizi siku hiyohiyo. Kumbukeni Code Spaces: kubadilisha nywila pekee hakumtoi aliyeshajitengenezea milango. Ya pili ni kama mnashika namba za kadi za benki au taarifa za afya, kwa sababu hapo kuna masharti ya ukaguzi ambayo sera nzuri peke yake haiyatimizi. Na ya tatu, mkifika mahali pa kugawanya akaunti zenye data hai, mlipieni mtu siku mbili tatu. Kuhamisha hifadhidata kati ya akaunti kuna funguo za usimbaji zinazobaki nyuma, na nakala isiyo na ufunguo wake haifunguki.

Kwa tarehe mosi ijayo, msiilale. Kaeni wawili macho programu ya ankara inapoanza. Sera za IAM mnazoziandika wenyewe huhifadhi hadi matoleo matano, na kurudi nyuma ni kuchagua toleo lililotangulia kuwa ndilo linalotumika. Kwa hiyo mkikuta AccessDenied nyingine saa nane za usiku, someni ni kitendo gani kimekataliwa na juu ya kitu gani, ongezeni hicho kimoja, au rudini toleo moja nyuma mkalale. AdministratorAccess iacheni ilipo.